Mvua haijui mpaka: mapatano ya mataifa juu ya habari za hali ya hewa, na faida yake kwetu

(Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa kwa radio. Yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, jamaa zilizohama makwao, na wakuu wa mitaa na vijiji.)

 

Leo tutazungumza juu ya mvua. Najua kuna atakayeuliza: mazungumzo haya ni ya amani, sasa mvua inaingiaje hapa? Tena mimi mwenyewe nilisoma sheria, sikusoma elimu ya mawingu. Lakini katika kazi hii ya kufundisha haki na wajibu wa raia nimeona magomvi mengi yanayoletwa kwetu kama magomvi ya kabila au ya mashamba, kumbe yalianza na mvua. Mvua inachelewa, majani yanakauka juu mlimani, wachungaji wanashusha ng'ombe kwenye tambarare ya Ruzizi kabla mahindi hayajavunwa, na kesho yake watu wanashika mapanga. Mto unabomoa nyumba, jamaa zinahamia shamba la jirani, na jirani anaona kwamba amevamiwa.

Nimeona na jambo lingine lililoniumiza zaidi. Watu waliokimbia bunduki walipewa mahali pa kujenga vibanda vyao ukingoni mwa mto, kwa sababu ndipo pekee palipoonekana hapana mwenyewe. Hawakuambiwa kwa nini pale hapana mwenyewe. Walipona risasi, kisha wakafuatwa na maji.

Kwa hiyo tujifunze leo mambo manne: mvua imetutendea nini, mataifa yalipatana nini juu ya kupashana habari za mvua, habari hizo zinafikaje kwetu na zinasomwaje, na sisi tufanye nini ili zituokoe.

1. MAMBO YALIYOTUPATA

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Uvira. Mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya mji. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zilibomoka. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, maji na matope na mawe yalishuka katika eneo la Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, yakafunika Bushushu na Nyamukubi. Siku ile ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walipatikana wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Sikilizeni sasa jambo hili. Siku mbili tu kabla ya Kalehe, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Rwanda. Ziwa ni moja, majira ni yale yale, mawingu yanapita pande zote mbili. Vivyo hivyo Ziwa Tanganyika. Liliposukuma maji yake mpaka ndani ya nyumba za watu mwaka 2024, halikuchagua Uvira na Kalemie likaiacha Bujumbura. Ziwa lile lina nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba si mara ya kwanza. Baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962, ziwa lilipanda pia na kumeza mashamba ya pwani. Basi kumbukumbu ya wazee ni elimu. Lakini kumbukumbu ya wazee inatuambia yaliyopita, haituambii ya majuma matatu yanayokuja. Hapo ndipo tunapohitaji msaada wa wengine.

2. KWA NINI TAIFA MOJA HALIWEZI PEKE YAKE

Methali inasema: dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu tunayoyaona kwa macho ni ya saa chache zijazo. Dalili za msimu mzima ziko mbali sana nasi.

Kwetu Kivu mvua inafuata mwendo wa jua. Kuna ukanda mrefu wa mawingu unaozunguka dunia karibu na ikweta, na ukanda huo unakwenda kaskazini na kusini pamoja na jua. Kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, unatupitia mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana wakulima wetu wana sezo A, inayoanza Septemba, na sezo B, inayoanza Februari au Machi, na katikati ya mwaka kiangazi.

Lakini nguvu ya mvua katika sezo hizo inategemea hata joto la bahari. Maji ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Peru huko Amerika ya Kusini, yakipata joto kupita kawaida, hali hiyo huitwa El Niño, na mara nyingi huleta mvua nyingi katika Afrika ya Mashariki. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997. Tena Bahari ya Hindi nayo ina tabia yake: upande wa Afrika ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huzidi. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2019.

Sasa niambieni: ni nani kwetu atakayepima joto la bahari karibu na Peru? Hakuna. Na ni nani huko Ulaya atakayepima mvua iliyonyesha Lwiro au Mulungu? Hakuna. Kila mmoja anahitaji kipimo cha mwenzake. Mtu anayeficha kipimo chake anajipofusha mwenyewe.

3. MAPATANO YA MATAIFA

Mataifa yalielewa jambo hili zamani. Mwaka 1873, wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana mjini Vienna, katika Austria, wakapatana kupima hali ya hewa kwa namna moja na kupashana matokeo. Vita vilipokuja, mapatano yaliumia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1939 na 1945, habari za mvua na upepo zilifichwa kama siri za jeshi, kwa sababu zilisaidia kujua siku ya kurusha ndege na kupeleka meli.

Baada ya vita walianza upya. Mkataba ulitiwa sahihi Washington mwaka 1947, nao ukaanza kutumika tarehe 23 Machi 1950. Hivyo likazaliwa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lenye makao yake Geneva, ambalo tangu 1951 ni moja la mashirika ya Umoja wa Mataifa. Leo lina wanachama 193, nchi pamoja na maeneo. Kongo yetu imo, na Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania zimo.

Mwaka 1963 ulianzishwa mpango wa dunia nzima wa kuangalia hali ya hewa. Kumbukeni mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa wametazamana kwa makombora ya nukilia, mwaka mmoja tu baada ya hatari ya Kuba. Lakini hata katika siku zile walipelekeana vipimo vya mvua na upepo. Hawakungoja kwanza wapendane.

Mwaka 1995 mkutano mkuu wa Shirika hilo ulipitisha azimio la 40, lililosema kwamba vipimo vya lazima, vinavyohitajiwa kulinda maisha ya watu na mali yao, vitatolewa kwa nchi zote bure na bila kizuizi. Mwaka 2021 azimio hilo lilibadilishwa na lingine pana zaidi, lakini msingi ni ule ule.

Kisha mwaka 2009, katika mkutano wa tatu wa dunia juu ya tabia ya nchi uliofanyika Geneva, serikali zilikubali jambo lililo karibu zaidi na mkulima. Zilisema: haitoshi wataalamu kupashana tarakimu kati yao, tarakimu zigeuzwe kuwa shauri linaloeleweka. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa dunia wa huduma za tabia ya nchi. Kazi zake kwanza ziliwekwa katika kilimo na chakula, afya, maji, na kupunguza hatari ya maafa; baadaye nishati ikaongezwa.

Na tarehe 23 Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana António Guterres, alitangaza lengo kwamba kila mtu duniani alindwe na maonyo ya mapema kabla ya mwisho wa mwaka 2027. Mpango huo una nguzo nne: kujua hatari iko wapi, kupima na kutabiri, kufikisha onyo, na kuwa tayari kutenda. Shikeni nguzo hizo nne, tutazirudia.

4. SAFARI YA HABARI MPAKA KWETU

Vituo vya kupimia mvua, joto na upepo vinasoma vipimo kwa saa zilizopatanwa, dunia nzima kwa wakati mmoja. Mahali pengine huachiliwa puto mara mbili kwa siku, likiwa na chombo kidogo kinachopima hali ya juu angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1977, zinakaa juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita karibu 36,000, zikiitazama Afrika nzima usiku na mchana. Vyote hivyo hukusanywa katika vituo vikubwa vyenye mashine za hesabu, na matokeo hurudishwa kwa kila nchi.

Katika Kongo, ofisi ya taifa yenye kazi hiyo huitwa METTELSAT. Burundi wana IGEBU, na Rwanda wana Meteo Rwanda. Tena kuna vituo vya nchi nyingi pamoja. Nairobi kuna kituo kiitwacho ICPAC, kilichoanza mwaka 1989 kama kituo cha kuangalia ukame, ambacho kinahudumia nchi za Afrika ya Mashariki, Rwanda na Burundi zikiwamo. Kongo, kwa kuwa ni mwanachama wa SADC, inashiriki pia upande wa kusini, ambako tangu 1997 wataalamu wa nchi hukutana kila mwaka kabla ya masika, wakitazama vipimo vyao pamoja na kutoa utabiri mmoja waliopatana.

Tukubali ukweli: Afrika ina vituo vichache kwa ukubwa wake, na kwetu vingi viliharibika au viliachwa wakati wa vita. Setilaiti inaona wingu, lakini haiwezi kushika maji mkononi. Ni lazima kuwe na mtu hapa chini anayesoma kipima-mvua kila asubuhi. Chombo hicho si cha kichawi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya paa la mita za mraba 40, ni lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20. Hilo ni paa moja tu. Sasa fikirini kilima kizima kilichokatwa miti.

5. NAMNA YA KUSOMA UTABIRI WA MSIMU

Hapa watu wengi wanakosea, na kosa hilo linaharibu imani. Utabiri wa msimu hausemi: "Mvua itanyesha tarehe 12 kijijini kwenu." Unasema, kwa mfano: katika eneo hili, nafasi ya mvua kupita kawaida ni 45 kwa 100; nafasi ya mvua ya kawaida ni 35; nafasi ya mvua pungufu ni 20.

Mama, chukua maharagwe 20 uyatie katika kikapu: mekundu 9, meupe 7, meusi 4. Funga macho, utoe moja. Ni rahisi zaidi kutoa jekundu, lakini jeusi limo. Ukitoa jeusi, si kusema kwamba aliyehesabu maharagwe alikudanganya.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara, akisikia utabiri wa namna hiyo, hatatia mbegu zake zote bondeni. Atasafisha mifereji mapema, atapanda sehemu kwenye mteremko wenye matuta, na ataweka akiba ya mbegu. Utabiri wa msimu ni shauri la kupanga. Onyo la siku ile, la saa zile, ni jambo lingine: hilo ni la kuondoka.

6. MAHALI MNYORORO UNAPOKATIKA

Rudini kwenye nguzo zile nne. Mbili za kwanza wataalamu wanaweza kutusaidia. Lakini kufikisha onyo na kuwa tayari ni kazi yetu, na hapo ndipo mnyororo unapokatika, kwa sababu moja kubwa: hatuaminiani.

Watu wetu wamesikia mara nyingi "kimbieni", wakakimbia, wakarudi wakakuta nyumba zimeibwa. Basi leo ukimwambia mtu ahame kwa sababu ya maji, anajiuliza: ni nani anataka shamba langu? Na kama onyo limetoka ofisi ya ng'ambo ya mpaka, mwingine atasema ni hila ya adui. Ndugu zangu, tunaweza kuwa na madai makubwa kati ya nchi na nchi, na madai hayo yana mahali pake pa kuhukumiwa. Lakini kipimo cha mvua hakina kabila.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajalifikiria. Kwa vita, tumezoea kukimbilia bondeni, kujificha kwenye majani marefu kando ya mto, kuzima taa na kunyamaza. Kwa maji, bondeni ndipo kifo kilipo. Ni lazima kupanda juu, kuwasha taa na kupaza sauti. Kama kijiji kina alama moja tu ya hatari, watu watakimbilia mahali pabaya. Kwa hiyo patanani alama mbili tofauti. Kama shuleni mnagonga chuma cha gari, semeni wazi: mgongo wa namna hii ni wa maji, na wote wanapanda kwenye mlima fulani.

7. SHERIA INASEMA NINI

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na katika kifungu cha 53 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi yanayomfaa. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, katika kifungu cha 7, unataka nchi ziimarishe vipimo vya tabia ya nchi na mipango ya kuonya mapema. Na Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, uliotungwa na Umoja wa Afrika kwa ajili ya watu waliohama makwao ndani ya nchi zao, unataja mipango ya kuonya mapema mahali ambapo watu wanaweza kulazimika kuhama, na unasema kwamba hata waliohamishwa na maafa, pamoja na yale ya mabadiliko ya tabia ya nchi, wanastahili ulinzi na msaada.

Sitawadanganya: kifungu cha sheria hakizuii mto. Lakini kinawapa ninyi nguvu ya kuuliza. Jamaa inayopewa kiwanja ina haki ya kumwuliza shefu: "Je, maji yalifika hapa mwaka gani?" Na shefu ana wajibu wa kujibu kweli, hata kama mahali pengine hana.

8. TUFANYE NINI

Kwa jamaa: jueni njia ya kupanda juu, muipite mchana pamoja na watoto. Vyeti, kadi na mbegu viwe katika mfuko mmoja. Mkisikia onyo, ulizeni mambo manne: limetoka wapi, ni la lini, ni la mahali gani, linatutaka tufanye nini. Onyo lisilojibu hayo huenda likawa uvumi. Mwulizeni mkuu wenu upesi.

Kwa wakuu: itisheni wazee wa pale, wenyeji na waliohamia, wawaonyeshe kwa mguu mahali maji yalipofika zamani. Wekeni alama za mawe. Msigawe kiwanja chini ya alama hizo. Andikeni orodha ya wazee, wagonjwa na mama wajawazito watakaohitaji kubebwa, lakini orodha hiyo isitaje kabila. Sisi sote tunajua orodha za kabila zilitufikisha wapi. Chagueni walinzi wa vitu vitakavyobaki, nusu wenyeji na nusu wahamiaji, ili watu wasiogope kuondoka. Na kati ya wachungaji na wakulima, fanyeni mkutano utabiri wa msimu unapotoka, siyo ng'ombe wanapokuwa tayari wameingia shambani.

9. JIBU KWA SWALI LA MAMA MMOJA

Mama mmoja katika kambi alituambia: "Mlitangaza mvua kubwa. Tukapanda mlima usiku na watoto, baridi ikatupiga, na mvua haikuja. Mara nyingine sitatoka."

Mama, hasira yako ni ya haki, na kosa moja ni letu: kesho yake hakuna aliyekuja kukueleza. Huenda mvua ilishuka bonde la pili. Huenda upepo uliibadilisha. Utabiri utakosea tena, usifiche hilo. Lakini pima: usiku mmoja wa baridi unasahaulika, mtoto hasahauliki. Na wakuu wanaotusikiliza wachukue neno hili: onyo lisipotimia, nendeni asubuhi kwa watu, muwaeleze kwa heshima. Ndiyo njia ya kuwafanya waamke mara nyingine.

Ndugu wasikilizaji, mataifa yasiyopendana yamepelekeana habari za mvua kwa sababu yalijua kwamba mtu mmoja hawezi kuona anga lote. Nasi mlimani kwetu ni vivyo hivyo: mwenyeji anajua mto, mhamiaji anajua hatari, shefu ana sauti, kijana ana miguu. Tukiunganisha hayo, onyo litafika kabla ya maji.  

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji au kambi yetu, maji yalifika wapi mara ya mwisho? Nani anakumbuka?
2. Alama yetu ya hatari ya maji ni ipi? Inatofautianaje na ile ya vita?
3. Ni nani kati yetu hana radio, na nani ataenda kumwamsha?
4. Je, kuna jamaa zinazokaa mahali pa hatari kwa sababu hazikupata pengine? Tutazungumza na nani, na lini?